Maswali ya Wasomaji: Keshia Anasubiri, Ripoti Haijaisha

Barua za safari hii zinaulizana kitu kimoja kwa sura tofauti: data ipo, kompyuta ni nzima, lakini kuifikia data kunachukua muda mpaka mteja anaondoka. Tumeanza na ya Moshi kwa sababu ndiyo yenye mengi.

Programu ya mauzo inaganda nikifungua ripoti

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbuyuni, Moshi. Mauzo, stoo na madeni ya wateja yote yako kwenye faili moja, duka.db, ambalo limefika MB 640. Kompyuta ni moja tu pale kaunta, na vijana wa stoo wanaingia kwenye programu kwa simu kupitia wai-fai. Nikifungua ripoti ya mwezi, keshia anakwama, risiti haitoki, kisha yanatokea maneno "database is locked". Kijana aliyeniuzia programu anasema faili libadilishwe liwe la WAL, ila anataka malipo kwanza. Ni kazi kubwa kiasi hicho?*

Kubadilisha kwenyewe ni mstari mmoja. Kazi iko kabla na baada ya huo mstari, na hasa baada.

Faili lako ni la SQLite, hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja bila seva. Kwa mtindo wake wa zamani, programu ikitaka kubadili ukurasa wowote wa faili (faili limegawanywa vipande vya ukubwa sawa, kila kimoja ni ukurasa), kwanza inanakili ukurasa ulivyo kwenye faili la pembeni, duka.db-journal, ndipo inaandika upya ndani ya duka.db, halafu inafuta lile la pembeni. Likishafutwa ndipo mauzo yanahesabika yameingia. Sasa, anayeandika haruhusiwi kugusa faili kuu wakati kuna anayesoma. Ripoti yako ni msomaji. Ikisoma kwa sekunde 40, keshia anasubiri sekunde 40, au programu inachoka kabla na kutoa yale maneno. Na keshia akishasimama kwenye foleni ya kuandika, wasomaji wapya nao wanazuiwa mlangoni. Ndiyo maana simu za stoo zinaganda saa ileile.

WAL (write-ahead log, yaani kuandika kwanza pembeni), iliyoingia SQLite toleo la 3.7.0 mwaka 2010, inageuza utaratibu. Ukurasa wa zamani unaachwa palepale, na mpya unaongezwa mwisho wa faili jingine, duka.db-wal, kama daftari la siku linavyojazwa kabla ya kuhamishiwa leja. Ripoti inaendelea kusoma leja ilivyokuwa ilipoanza, keshia anaandika kwenye daftari, hakuna anayemsubiri mwenzake. Daftari likifika kurasa 1000 hivi, SQLite yenyewe inazihamishia kwenye faili kuu.

Fanya hivi, jioni duka likishafungwa.

Zima programu kabisa, na ile sehemu inayohudumia simu pia. Tazama kwenye folda kama limebaki duka.db-journal. Likiwepo, usilifute! Hilo lina kurasa za kurudishia kazi iliyokatika katikati, pengine umeme ulizimika. Likifutwa, faili kuu linabaki nusu jipya nusu la zamani. Liache, SQLite ikifungua duka.db italitumia na kuliondoa yenyewe.

Nakili duka.db kwenye flashi, pamoja na lile la journal kama lipo. Flashi hiyo itoke kwenye kompyuta.

Fungua faili kwa sqlite3.exe, programu ndogo ya bure ya watengenezaji wa SQLite, kisha:

PRAGMA integrity_check;

Jibu liwe ok, herufi mbili tu. Likitoka jingine lolote, simama hapo, kwa sababu WAL haiponyi faili bovu. Kisha:

PRAGMA page_size;

Mafaili yaliyoanzishwa na SQLite ya kabla ya 2016 mara nyingi yana kurasa za baiti 1024. Siku hizi kawaida ni 4096. Kama lako ni 1024, huu ndio wakati wa kulipanua, maana likishakuwa la WAL halikubali tena kubadili ukubwa wa ukurasa:

PRAGMA page_size=4096;
VACUUM;

VACUUM inajenga faili upya pembeni, kwa hiyo diski iwe na nafasi tupu ya hadi mara mbili ya faili. Kwako ni kama GB 1.3. Mwisho kabisa:

PRAGMA journal_mode=WAL;

Inatakiwa ijibu wal. Ikijibu delete au ikilalamika kwamba faili limefungwa, kuna kitu bado kimelishika: programu haikuzimika vizuri, au faili liko kwenye folda ya mtandao. Ikishajibu wal, imeandikwa ndani ya faili lenyewe, huna haja ya kurudia kila asubuhi. Programu yako nayo iwe imebeba SQLite ya 3.7.0 au zaidi. Ya chini ya hapo itakuambia faili si hifadhidata au limesimbwa, na utadhani data imekufa. Haijakufa. Fungua tena kwa sqlite3.exe, andika PRAGMA journal_mode=DELETE; na litarudi lilivyokuwa.

Kuna mambo mawili ambayo hayakai ndani ya faili, lazima programu iyaamuru kila inapolifungua, na hapo ndipo yule kijana anastahili malipo yake. La kwanza ni PRAGMA busy_timeout=5000, yaani subiri milisekunde 5000 kabla ya kukata tamaa. WAL inaruhusu wasomaji wengi, lakini mwandishi bado ni mmoja kwa wakati. Keshia na kijana wa stoo wakiandika pamoja, mmoja asubiri kidogo badala ya kutupiwa kosa. La pili ni PRAGMA synchronous, inayoamua SQLite isubiri diski kiasi gani kabla ya kusema mauzo yameingia. Wengi watakushauri NORMAL kwa sababu ni nyepesi zaidi. Kwa WAL, NORMAL haiharibu faili umeme ukikatika, ila mauzo ya mwisho mwisho yanaweza kutoweka. Kwa duka ambalo mashine ya EFD imeshatoa risiti na mteja ameshapakia nondo, sisi tungebaki na FULL. Tofauti ya kasi keshia hataiona.

Sasa yale ya baadaye. Programu ikiwa wazi utaona mafaili matatu: duka.db, duka.db-wal na duka.db-shm. Ukizoea kunakili duka.db peke yake kwenye flashi kila jioni, siku programu haikufungwa vizuri utaondoka na leja bila daftari, na mauzo yaliyomo kwenye daftari hayatakuwepo kwenye flashi. Utagundua hilo siku unapoihitaji flashi. Tumia amri ya kunakili ya SQLite yenyewe, ambayo inasoma yote mawili hata programu ikiwa inafanya kazi:

.backup E:/duka-ijumaa.db

Au, kwa toleo la 3.27 na kuendelea, VACUUM INTO 'E:/duka-ijumaa.db', ambayo inatoa nakala iliyobanwa pia. Kama huna budi kunakili kwa mkono, zima kila kitu, kisha angalia folda. Mafaili ya wal na shm yakiwa yametoweka, daftari limeshahamishiwa lote, nakili bila wasiwasi. La wal likiwa bado lipo, nakili duka.db na duka.db-wal pamoja. La shm liache, linajengwa upya.

Ukikuta duka.db-wal limenenepa mpaka mamia ya MB, kuna msomaji ambaye hafungi alichofungua. Mara nyingi ni dirisha la ripoti lililoachwa wazi tangu Jumatatu. Lifunge, kisha PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE). Nayo itatoa tarakimu tatu. Ya kwanza ikiwa 0, imefanikiwa. Ikiwa 1, bado kuna aliyezuia.

Simu za vijana wa stoo hazina tatizo, kwa kuwa zinaongea na programu iliyo kwenye kompyuta ya kaunta, na programu ndiyo inayogusa faili. Kitakachokuletea matatizo ni kuweka kompyuta ya pili stoo ikafungua duka.db moja kwa moja kupitia folda ya mtandao. Lile faili la shm ni kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na programu zilizo ndani ya mashine moja. Mashine mbili haziwezi kugawana kumbukumbu hiyo. Siku ukihitaji hivyo, umeshatoka kwenye SQLite, na barua inayofuata inakuhusu.

Majedwali yanaharibika kila umeme ukikatika

*Tuna ofisi ya utalii Njiro, Arusha. Mfumo wa kuhifadhi nafasi za wageni uko kwenye XAMPP, watu sita tunautumia kwa wakati mmoja. Msimu ukichanganya unakuwa mzito sana, na umeme ukikatika tunakuta "marked as crashed and should be repaired". Tumeambiwa tuhame MyISAM twende InnoDB. Je, tutapoteza data? Na kwa nini aliyetutengenezea hakuanza na hiyo InnoDB?*

Tuanze na swali la mwisho. MyISAM na InnoDB ni njia mbili ambazo seva ya hifadhidata ya MySQL inahifadhia majedwali. InnoDB ndiyo chaguo la kawaida la MySQL tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, na XAMPP (kifurushi kinachobeba seva hiyo) ya tangu 2015 hubeba MariaDB, ndugu ya MySQL, ambayo nayo ni hivyohivyo. Lakini hati ya kuundia majedwali ikiwa imeandika ENGINE=MyISAM waziwazi, seva inatii. Hati hizo zinanakiliwa kutoka mradi hadi mradi bila mtu kuzisoma.

Uzito mnaouona una chanzo kimoja. MyISAM inafunga jedwali zima kila mtu anapobadili rekodi ndani yake. Dada wa mapokezi akirekebisha jina la mgeni mmoja, watano waliobaki wanasubiri. InnoDB inafunga ile rekodi tu. Kuhusu umeme, InnoDB inaandika kwanza kwenye kumbukumbu zake za miamala (muamala ni kundi la mabadiliko yanayoingia yote au hayaingii kabisa), hivyo ikiwaka tena inajirekebisha bila kuamriwa. MyISAM haina kitu hicho.

Kwanza mjue mna nini:

SELECT table_name, engine, table_rows FROM information_schema.tables WHERE table_schema='safari';

Weka jina la hifadhidata yenu badala ya safari. Andika idadi ya rekodi za kila jedwali kwenye karatasi, mtailinganisha baadaye kwa SELECT COUNT(*), maana InnoDB kwenye orodha hii inatoa makadirio tu. Kisha CHECK TABLE kwa kila moja, na REPAIR TABLE kwa lililoharibika. Jedwali bovu likihamishwa kabla ya kutengenezwa, uhamisho utakwama njiani au rekodi zitapungua.

Nakala:

mysqldump -u root -p safari -r D:\safari-kabla.sql

Tumeandika -r kwa makusudi. Kwenye PowerShell ya Windows, alama ya > inaandika faili kwa UTF-16, na siku ya kulirudisha linakataa.

Uhamisho wenyewe, jedwali moja baada ya jingine, wafanyakazi wakiwa wametoka:

ALTER TABLE wageni ENGINE=InnoDB;

Seva inaunda jedwali jipya, inamimina rekodi zote, kisha inabadilisha majina. Kwa hiyo diski iwe na nafasi ya lile la zamani na jipya kwa pamoja, na mjue kuwa jipya kwa kawaida huwa kubwa kuliko la MyISAM. Msiguse hifadhidata iitwayo mysql. Ile ni ya seva yenyewe.

Mtakapokwama huenda ni kwenye jedwali la ankara. Mifumo mingi ya hapa hutoa namba kwa mwaka, 2023/1, 2023/2, kisha Januari inaanza upya 2024/1. MyISAM ina njia ya mkato kwa hilo: ufunguo (kinachotofautisha rekodi moja na nyingine) wa safu mbili, mwaka na namba, ambapo namba ndiyo yenye AUTO_INCREMENT na inajihesabu upya kwa kila mwaka. InnoDB haikubali. Itatoa kosa 1075 kwamba safu ya kujihesabu lazima iwe ufunguo. Fundi mwenye haraka ataongeza indeksi (orodha ya kutafutia haraka) kwenye namba peke yake, kosa litapotea, kila mtu atafurahi, na ankara ya kwanza ya mwaka mpya itatoka 2025/1873. Mhasibu ndiye atakayewaambia. Njia sahihi ni kulipa jedwali safu ya id inayojihesabu yenyewe, mwaka na namba viwe ufunguo wa kipekee wa kawaida, na programu itafute namba ya mwisho ya mwaka huo ndani ya muamala kwa SELECT MAX(namba) ... FOR UPDATE kabla ya kuingiza mpya. Hapo panabadilishwa programu, si jedwali tu, kwa hiyo jedwali hilo mliache la mwisho.

Mengine madogo. InnoDB inapanga rekodi kwa kufuata ufunguo mkuu, na kila indeksi nyingine inabeba nakala ya ufunguo huo. Kama ufunguo mkuu wa wageni ni anwani ya barua pepe, indeksi zote zitanenepa. Wekeni namba. Ukurasa wa mbele unaoonyesha jumla ya wageni wote kwa SELECT COUNT(*) utakuwa mzito kuliko zamani, kwa sababu MyISAM ilikuwa na jibu tayari mfukoni na InnoDB inahesabu kweli.

Baada ya hapo fungueni C:\xampp\mysql\bin\my.ini na mtafute innodb_buffer_pool_size, yaani sehemu ya RAM ambayo InnoDB inawekea data isiisome diskini kila mara. Kwenye XAMPP mara nyingi mtakuta 16M. Kwa kiasi hicho InnoDB itasoma diski kutwa nzima, na mtasema heri tungebaki na MyISAM. Hili ndilo kosa linalowafanya wengi wairudie. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 ambayo mtu anaitumia pia kwa kazi nyingine, wekeni 2G. Yenye GB 4, 1G. Ile key_buffer ilikuwa ya indeksi za MyISAM, inaweza kubaki ndogo. Zimeni na kuwasha seva ili mabadiliko yashike.

innodb_flush_log_at_trx_commit, inayoamuru kila muamala uandikwe diskini papo hapo, iacheni 1. Ikiwa kuna kazi ya kuingiza rekodi nyingi kwa mpigo, mathalani orodha ya bei za hoteli yenye mistari 5000, dawa ni kuizungushia START TRANSACTION na COMMIT ili yote iwe muamala mmoja. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 tu kwa sekunde, na kila COMMIT inasubiri diski. COMMIT 5000 ni karibu dakika nzima au zaidi. COMMIT moja hamtaiona.

Na hili lisomwe na anayehusika na nakala. Kwa MyISAM mlikuwa mkizima seva, mnanakili folda ya data\safari kwenye diski ya nje, basi. Kwa InnoDB folda hiyo peke yake haifunguki mahali pengine. Mafaili ya .ibd yanategemea ibdata1 na kumbukumbu za miamala zilizo folda ya juu yake. Tumieni mysqldump na --single-transaction, ambayo inachukua picha ya pamoja bila kumzuia mtu. Ile safari-kabla.sql msiitegemee tena kwa kurudishia, ndani yake bado imeandikwa ENGINE=MyISAM na itawarudisha mlikotoka. Halafu siku XAMPP ikigoma kuwaka, atatokea mtu aseme futa ibdata1 itawaka. Ni kweli itawaka. Majedwali yenu yataonekana kwa majina na hakuna hata moja litakalofunguka.

Access kwenye wai-fai

*Chama chetu cha ushirika wa kahawa, upande wa Machame, kinatumia faili la .mdb lenye GB 1.7. Liko kwenye kompyuta ya katibu, karani wa mizani analifungua kwa wai-fai akipokea kahawa. Tukiligeuza kuwa .accdb litaongeza kasi?*

Hapana. Umbo la .accdb, lililoanza na Access 2007 (Access ni programu ya hifadhidata ya Microsoft), linaongeza aina za data, si mwendo, na linaondoa ule usalama wa kumpa kila mtumiaji nywila yake uliokuwa kwenye .mdb. Ukomo ni uleule wa GB 2, nanyi mmeukaribia.

Kinachowachelewesha ni kwamba upande wa pili hakuna seva. Karani akitafuta mwanachama mmoja, Access iliyo kwenye kompyuta yake inavuta kurasa za faili kupitia hewani na kutafuta huko aliko. Namba ya mwanachama isipokuwa na indeksi, jedwali zima linasafiri. Wai-fai ikikatika katikati ya kuandika, faili linaharibika. Kwa hiyo, kwa mpangilio huu: nakala, amri ya Compact and Repair (kubana na kutengeneza faili) watu wote wakiwa nje, indeksi kwenye namba ya mwanachama na tarehe ya kupokea, kisha kugawa faili mara mbili, majedwali yabaki kwa katibu na fomu ziwe kwa kila mtu kwenye mashine yake. Vuteni waya wa mtandao hadi kwenye mizani hata kama ni mita 60, waya wa kawaida unafika mita 100. Na programu ya karani ifungue jedwali lolote dogo asubuhi na kuliacha wazi mpaka jioni, la sivyo lile faili la kufuli, .ldb, linaundwa na kufutwa kila anapohama fomu, na kila mara ni kusubiri.

Kama faili ni la Access 97, Access 2013 na za baadaye hazilifungui. Lipitisheni kwanza kwenye Access 2007 au 2010. Misimu ya zamani ihamisheni kwenye faili lake kabla ya msimu huu kuanza.

Nikiweka SSD si inatosha?

*Msomaji, Sakina, Arusha.*

Inategemea unachosubiri. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kadhaa kuufikia kila ukurasa ulio mbali na mwenzake, SSD iko chini ya moja, hivyo ripoti ya sekunde 40 inaweza kushuka sana. Lakini kufuli halijali aina ya diski. Fungua meneja kazi wa Windows wakati programu imeganda: diski ikiwa 100% kwa muda mrefu, nunua SSD. Ikiwa 3% na keshia bado anasubiri, rudi kwenye barua ya Moshi hapo juu.